Mpelekaji wa Misiba

Jirani yetu akija kwetu huku anapiga kelele tangu njiani, tulijua hakuna aliyekufa. Atawatukana mbwa wetu mmoja mmoja, atamuuliza mama yangu kama ule moshi ni wa chakula au wa kufukuza wageni, kisha ataingia jikoni na kufunua sufuria kabla hajakaribishwa. Lakini akija kimya, khanga ya pili imekunjwa vizuri begani, watu waliacha walichokuwa wanafanya. Nimewahi kumwona mwanaume mzima, mchungaji wa ng'ombe asiyeogopa fisi, akikimbilia nyuma ya nyumba kwa sababu tu amemwona yule mama anakuja na hasemi na mbwa.

Kazi yake, kama ile ni kazi, ilikuwa kupeleka misiba. Mtu akifa hospitalini Tarime, au akaanguka sokoni Sirari, au akafia kwa ndugu upande wa Kenya, habari ilifikishwa kwanza kwa jirani yetu, naye ndiye aliyekwenda kumwambia mke au mama wa marehemu. Hakuna mkutano uliomchagua. Nadhani ilianza kwa sababu hakuwa na ukoo pale kijijini kwetu Gorong'a. Alikuwa Mjaluo aliyeolewa na Mkurya, mume akafa mapema, yeye akabaki na shamba na watoto. Kwetu koo zina kumbukumbu ndefu za ng'ombe, na habari mbaya ikiletwa na mtu wa ukoo mwingine, hukosi mtu wa kujiuliza kama mletaji hana furaha kidogo moyoni. Yeye hakuwa wa upande wowote. Walimpa ile kazi kwa sababu ni mgeni, akaifanya mpaka hapakuwa na boma ambalo hajakalia mkeka wake.

Simu zilipoenea tulidhani atapumzika. Wapi! Watu walipigiana simu, ndiyo, lakini walimpigia yeye. "Mama, tumefiwa, tafadhali nenda kwa dada kabla hajasikia kwa watu." Naye akakunja khanga akaenda. Alisema simu ni ya kuulizia bei ya mahindi, na mtu anayemwambia mwenzake kifo kwenye simu ni sawa na anayetupa jiwe akakimbia.

Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi, alisema mwenyewe, kwa sababu alizaliwa na Kijaluo, akaolewa na Kikurya, Kiswahili kikaja mwisho na kukuta kichwa kimejaa. Lakini neno moja alilishika kuliko walimu wetu wote, nalo ni msiba. Hakutaka lichezewe. Jioni moja vijana walitoka kuangalia mpira kwenye banda la pale senta, wamenuna, mmoja akasema mbele yake kwamba leo ni msiba mkubwa.

"Msiba?" akauliza. "Golikipa amekufa?"

"Hapana, mama. Tumefungwa."

"Basi semeni mmefungwa. Mtaamka kesho mtacheza tena."

Hata mchungaji wa kanisa hakupona. Alikuwa amehubiri kwamba ukame ni msiba ulioletwa na dhambi zetu. Jirani yetu akamngoja mlangoni, akampa mkono kwa heshima zote, akamwambia, "Mchungaji, ukame ni njaa. Njaa tunaijua jina lake." Na shemeji yake alipoibiwa ng'ombe, akakaa uani analia kwamba amepata msiba, alimsimamia kichwani mikono kiunoni. "Hiyo ni hasara, mura. Shika fimbo ufuate nyayo na wenzako. Msiba haufuatiwi nyayo." Kisha akarudi kwake, akapika uji wa ulezi, akampelekea yule yule shemeji kibuyu kizima. Alikuwa hivyo. Ukali ulitangulia, uji ukafuata nyuma.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anagombana na watu kwa ajili ya neno. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi nikiwa likizo. Akafikiri, akatema ganda.

"Kwetu tunaita masira, ninyi mnaita msiba, ni kitu kile kile," akasema. "Maneno mengine mtu akikosea tunacheka. Hili ukilitumia kwa ndoo iliyotoboka na kwa sketi iliyoungua, siku utakapokuja kwangu nalo kweli, nitajuaje nisimame?"

Sasa nafanya kazi kwenye hoteli ya watalii karibu na geti la Ikoma, upande wa kufulia, na huko nasikia neno hili kila siku. Mwenzangu akiunguza shuka kwa pasi, ana msiba. Simu ikipasuka kioo, msiba. Meneja akiamka vibaya, jamani leo tuna msiba. Nacheka na wenzangu, maana ni watu wema na kazi ni ngumu, lakini ndani namsikia yule mama akiuliza: shuka limekufa?

Alikuwa na taratibu zake za kupeleka habari, na hakuzivunja hata kwa watu aliogombana nao. Kwanza, hakumwambia mtu njiani wala getini. Alimwambia kwake, amekaa. Pili, hakumwambia mtu mwenye njaa. Tatu, na hili ndilo alilolishikilia kuliko yote, hakumwambia mtu aliyebeba mzigo. Ukiwa na ndoo kichwani, au kuni, au mtoto mgongoni, alitembea na wewe mpaka mwisho wa safari akiongea habari za mvua, kisha akakutua mwenyewe kwa mikono yake. Alisema mwili unakumbuka ulichokuwa umebeba. Mwanamke aliyeambiwa kifo akiwa na ndoo, kila akibeba ndoo maisha yake yote anaambiwa upya.

Na maneno yenyewe yalikuwa machache. Alichukia "ametutoka," alichukia "hatunaye tena," na "hali imebadilika" ilimchefua kabisa. Alisema mtu akiambiwa hali imebadilika anaanza kutafuta nauli ya kwenda hospitali, na wewe umesimama hapo unamwangalia. Yeye alisema: Nimekuja na msiba. Kisha jina la mtu. Kisha amekufa. Kisha: Nakaa hapa. Na alikaa kweli. Hakupeleka habari akaondoka. Alilala pale siku zote za msiba, akapika, akachota maji, akakoroma usiku mpaka wafiwa wakacheka katikati ya machozi.

Najua kwa sababu mimi aliniambia. Nilikuwa kidato cha pili, nimetoka kuokota kuni, mzigo ni mkubwa kuliko akili yangu. Nikamkuta kwenye njia ya kisimani, amesimama, hasemi kitu kuhusu mbwa wala moshi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaanza kutembea pembeni yangu. Aliniuliza kuhusu shule. Aliniuliza kama mwalimu wa hesabu bado anavaa lile koti. Nilijibu huku napunguza hatua, kwa sababu baba yangu alikuwa hospitalini na mimi sikuwa mjinga. Tulipofika nyumbani akashika kuni, akasema, "Nikutue, nyathina." Neno hilo kwa Kijaluo ni mwanangu. Akanipa kiazi kitamu kilichochemshwa, akanisubiri nikimeze. Halafu akakaa chini, akanivuta nikae.

"Nimekuja na msiba. Baba yako amekufa. Nakaa hapa."

Nimeshabeba kuni mara nyingi tangu siku ile. Hazijaniambia kitu. Kiazi kitamu ndicho sili, lakini hilo hakuliwazia, na mimi sikuwahi kumwambia.

Nisimfanye malaika, maana angecheka. Alikuwa mchoyo wa chumvi. Atakupa kuku, lakini chumvi atakuuliza ile ya juzi uliipeleka wapi. Alipenda nyama ya msibani na hakuona haya kuipenda. Kuna mama mmoja aliyesema wazi kwamba jirani yetu anapeleka vifo ili ale maini, naye akajibu kwamba siku ya kifo cha yule mama ataacha maini yote, atakula mkia tu. Wakanuniana mavuno mazima. Alichekesha harusi mpaka maharusi wakasahaulika. Aliogopa radi kama mtoto, akajificha chini ya kitanda na kuku wake. Na hakulia. Hilo watu walilisema sana: amekaa misiba yote hii, hajatoa chozi. Nilimsikia akijibu kwamba mtu anayepakua chakula hawezi kulia ndani ya sufuria. Mimi niliamini kwamba hajui kulia, kama vile kuna watu wasiojua kuimba.

Kisha ikaja habari ya Marwa.

Marwa alikuwa mtoto wake wa mwisho na wa kiume pekee. Mabinti walishaolewa mbali. Alikuwa mrefu, mzito, mpole, mwenye kutembea kama anayeogopa kuumiza ardhi. Alimpata msichana wa Busawe, wazee wakakubaliana, na akatakiwa kupeleka ng'ombe wa mahari waliobaki. Akaondoka na mtoto wa baba yake mkubwa wakiswaga mitamba. Mvua za masika zilikuwa zimeshiba. Ili ufike Busawe lazima uvuke Mto Mara, na daraja lilikuwa mbali, na ng'ombe walishachoka, na walijua kivuko kimoja ambacho wamekivuka kiangazi tangu utoto. Yule ndugu aliokoka kwa kushika mkia wa mtamba. Alimwona Marwa akienda na maji, mkono mmoja juu, kisha hakuona mkono. Watu walitafuta kingo zote mbili, wakaenda mpaka kwenye mabwawa ya mamba, wakarudi.

Hapo ndipo Gorong'a ilipogundua kwamba haina mtu wa kumwambia. Aliyejua kupeleka misiba ni mmoja, na msiba ulikuwa wake. Wakamtuma mwenyekiti wa kitongoji pamoja na yule ndugu aliyeokoka, nguo zake bado zina tope. Mwenyekiti ni mtu mwenye utu, lakini alikuwa na hofu, na hofu ikamharakisha. Wakakutana naye kwenye njia ya kisimani, ana ndoo ya maji kichwani. Mama yangu alikuwa nyuma yake na ndoo yake, ndiye aliyenisimulia.

Mwenyekiti akavua kofia. "Mama," akasema, "tumekuja..."

"Nina mzigo," akasema jirani yetu.

"Tukutue, mama."

"Sijafika."

Akawapita. Wakamfuata mpaka kwake. Alifika uani akasimama, ndoo kichwani, hakuinama. Mwenyekiti akanyoosha mikono aishike ile ndoo, yeye akarudi nyuma hatua moja, maji yakamwagika yakamshuka usoni. Yule ndugu akaanza kulia pale chini. Kila mtu uani alishajua, na yeye alijua kabla yao wote, kwa sababu nani zaidi yake angesoma uso wa mwanaume aliyevua kofia? Lakini kwa taratibu zake mwenyewe, mtu mwenye mzigo haambiwi. Walisimama hivyo mpaka jua likaanza kuchoma. Mwishowe mwenyekiti akavaa kofia yake akaondoka, na neno hakulisema.

Mama yangu, aliyekuwa akichungulia kwa mbali, anasema jirani yetu aliitua ndoo peke yake, uani hakuna mtu.

Tangu siku ile, yule aliyechukia maneno ya kuzunguka alipata la kwake. "Marwa amechelewa," alisema. Ukimsalimia, ukikosea ukamuuliza: amechelewa. Alikwenda mwenyewe Busawe, safari hiyo kwa darajani, akamwambia yule msichana kwamba asimngoje, yuko huru, aolewe, kwa sababu Marwa amechelewa. Msichana alilia, yeye hakulia. Ukoo wa mume ukasema bila mwili hawajui wazike nini. Kaka yake akaja kutoka ng'ambo ya mpaka, akamkumbusha kwamba wao Wajaluo wanajua la kufanya: maji yakimchukua mtu na asionekane, wanachuma yago, lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kamba yake, wanalivika sanda, wanalizika mahali pake, na watu wanalia kama kwa mtu. Alimfukuza kaka yake kwa mwiko wa ugali. "Zika tunda kwako!" alimpigia kelele hadi barabarani. "Mtoto wangu si tunda!"

Kwa hiyo hakukuwa na turubai wala mkeka. Watu aliowakalia, boma kwa boma, hawakuweza kumkalia, maana utaenda kukaa kwenye msiba gani? Walipita kwake na unga, na sukari, na kisingizio. Mama yangu alipeleka mboga kila wiki na kusema zimezidi shambani. Hakuna aliyethubutu kumwambia pole. Hata lile neno, msiba, watu waliacha kulitumia mbele yake, na yeye akaacha kumsahihisha yeyote. Akiitwa kupeleka habari alienda kama zamani, akatua mizigo ya watu, akasema maneno yake machache kwa sauti ile ile. Nilikuwa nikimtazama na kuumia. Nilimwona kama mtu anayegawa maji ya kisima ambacho mwenyewe hawezi kunywa.

Miaka ikaenda hivyo. Mwaka huu, kiangazi kikiisha, akanipigia simu. Hakuwahi kunipigia. Nilitoka chumba cha kufulia nikasimama nje, nikidhani ni habari mbaya ya mama yangu.

"Mama yako mzima, anakula kuliko mimi," akasema kabla sijauliza. Halafu akauliza, "Huko kwenu kuna yago?"

Nikatazama juu. Ule mti uko nyuma ya jengo letu. Wageni wanaambiwa wasiegeshe gari chini yake, kwa sababu tunda likianguka linavunja kioo.

"Ipo, mama."

"Miguu yangu inakufa, nyathina. Macho nayo. Juzi nilikosa njia ya kisimani, mtoto wa jirani akanirudisha. Nikawaza: nikifa mimi leo, Marwa atakuwa na nani? Msiba wake utakosa mwenyewe." Nikamsikia anavuta pumzi. "Niletee moja. Zito. Na uje wewe, usimpe mtu."

Nilimwomba mtunza bustani, akapanda, akalikata kwa panga akalishusha kwa kamba polepole kama anashusha mtu. Nikalifunga kwenye shuka kuukuu la hoteli, nikaliweka kwenye gunia. Kutoka Mugumu nilikaa nalo miguuni. Abiria mmoja aliniuliza kama ni buyu au ni nini hicho kizito, nikamwambia ni cha mama yangu. Tulipovuka daraja la Mto Mara niliangalia upande wa pili. Nilishindwa kuyaangalia yale maji.

Nilifika Gorong'a asubuhi ya siku ya pili, nilikuwa nimelala mjini. Nilidhani nitamkuta amekaa ananingoja. Nilimkuta kwenye njia ya kisimani, pale pale, na ndoo kichwani. Ndoo ndogo, ya lita kumi, maana nguvu zimekwisha, lakini imejaa mpaka mdomoni. Alikuwa ameitoa kisimani makusudi. Nilipoiona nikaelewa kwamba sikuitwa kuleta tunda tu, na machozi yakanijia, nikayameza kwa sababu hakunifundisha hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbwa wenu wamekufa wote? Sijasikia kelele."

"Wapo. Wamezeeka."

Nikatembea pembeni yake, gunia begani mwangu. Nikamuuliza habari za mvua. Akasema mvua ya mwaka huu ni ya kudanganya, inanyesha kwa jirani tu. Nikamuuliza kuhusu yule mama wa maini, akasema, "Bado hajafa, ananinyima mkia." Alitembea polepole sana, shingo imenyooka, na maji hayakumwagika hata tone. Mama yangu alikuwa kwenye shamba la mihogo kando ya njia. Alituona, akatupa jembe. Akatufuata kwa mbali. Nikasikia nyuma miguu mingine.

Tulifika uani. Nikalaza gunia chini kwa uangalifu. Akasikia linavyotua.

"Zito?"

"Zito, mama."

"Hata kuzaliwa alizaliwa mzito," akasema.

Akasimama, kama mama yangu alivyonisimulia. Nikanyoosha mikono yangu na sikuigusa ndoo. Nilingoja. Safari hii hakurudi nyuma.

"Nitue, nyathina," akasema.

Nikaishika ile ndoo, nikaiteremsha mbele ya uso wake, nikaiweka chini. Nikamuuliza kama amekula. Akasema amekunywa uji. Nikamshika mkono nikamkalisha, nikakaa naye chini, magoti yetu yakigusana. Kichwa chake bado kilikuwa kimenyooka. Akanitazama kwa macho yasiyoona vizuri.

"Sema vizuri," akasema. "Usizunguke."

"Nimekuja na msiba," nikasema. "Marwa amekufa. Nakaa hapa."

Alifungua mdomo na mwanzoni hakuna sauti iliyotoka. Kisha ikatoka. Sijawahi kuisikia sauti ile kwa mtu yeyote, na nimekaa misiba mingi pamoja naye. Ilivuka mihogo, ikavuka njia, ikafika senta. Mama yangu akamkumbatia kwa nyuma. Mwenyekiti wa zamani akaingia uani akiwa mzee wa kutembelea fimbo, akavua kofia, akakaa chini kwenye vumbi. Kisha wengine, kutoka kila boma alilowahi kulala, wamebeba mikeka na sufuria, na yule mama wa maini katikati yao. Hakuna aliyeuliza kuna nini.